Mgonjwa Aliyetaka Niimbe Kwanza

Katika mji wetu wa Butembo daktari hatangazi kwamba anahama. Anauza friji. Siku friji inapoteremka mtaani imefungwa kamba juu ya chukudu, lile gari letu la mbao la kusukuma, wauza makala wanajua, akina mama wanaokaanga mandazi langoni mwa hospitali wanajua, na kesho yake asubuhi wagonjwa wanaulizana kwenye benchi kama ni Canada au ni Ubelgiji. Mwenyewe bado anavaa koti lake jeupe na kujifanya hakuna kitu. Nimeyaona haya mara nyingi kiasi kwamba nikikuta friji inapita barabarani nasimama kuangalia ni ya nani.

Mimi ni daktari wa upasuaji, mwanamke, na nyumba yangu ya Bulengera imejaa vitu vya waliohama. Pasi ni ya daktari wa macho, yuko Afrika Kusini. Kabati la vitabu ni la mwenzetu aliyekwenda Ufaransa, na vitabu vyake vyote vimo ndani, maana alisema kule hatavihitaji tena. Meza ya kulia niliachiwa na daktari wa watoto aliyemfuata mume wake Zambia. Ni meza nzuri ya mbao nzito, ila mguu mmoja ni mfupi, na tangu ilipoingia kwangu naiwekea chini kipande cha boksi la serumu za dripu kilichokunjwa. Sikuwahi kuita fundi. Mtu hatengenezi meza wakati hajui atakaa nayo mpaka lini, na mimi kila mwaka nilikuwa nasema labda mwaka ujao. Kaka yangu mkubwa anaishi Ubelgiji, na kila Jumapili akipiga simu ananiuliza swali lile lile.

"Na weye unangojaka nini?"

"Nangojaka chai ichemuke," namjibu, na ninabadilisha maneno.

Msije mkafikiri ni maisha ya kulia tu. Ni kweli kwamba mshahara wa Serikali unakuja unapojisikia, na chumba chetu cha zamu kina kitanda kimoja kwa madaktari wote, kwa hiyo anayelala wa kwanza analala vizuri na anayelala wa pili anakuta shuka la moto. Lakini wagonjwa wetu ni wakulima na wachuuzi, na hawapendi kutoka hospitalini bila kuacha kitu. Nimeshapewa maharagwe, kabichi, sungura, na ndizi za kushibisha ukoo mzima. Kuna siku tulimfunga kuku wa mgonjwa kwenye mguu wa dawati, tukaenda kuzungukia wodi, na tuliporudi tukakuta ametaga juu ya picha ya mapafu. Mwenzangu alilisogeza yai, akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa makini, akasema mapafu ni mazima na kuku naye ni mzima. Tulicheka mpaka muuguzi mkuu akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa au amepona.

Huyo mwenzangu ndiye nitakayemsimulia. Alizaliwa Beni, katika familia ya Waislamu wenye malori, na alizoea kusema kwamba upasuaji alijifunza chini ya lori la baba yake, amelala chali, mafuta yanamdondokea usoni. Mimi nimetoka Kipese, kwa watu wa viazi. Tulisoma pamoja, tukaanza kazi pamoja, na tumegombana pamoja, maana hasira zangu ziko karibu na yeye ana ile tabia ya kutabasamu mtu akimfokea. Mke wake ni muuguzi. Alitangulia Canada na binti yao. Kila jioni mtoto alipiga simu akiongea Kifaransa cha kule, cha puani, na baba alicheka mpaka simu ikatike. Baada ya hapo aliendelea kuitazama simu iliyozimika. Siku moja tulipata mashine mpya ya kupima presha, nikamfunga mkononi kwa mzaha. Namba ilipanda juu mno; tuliisoma wote wawili na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo alipokuja kwangu na friji yake juu ya chukudu, nilijaribu kukasirika na hasira haikuja.

"Siuzishe," alisema. "Minakuletea weye. Friji isipouzishwa, batu habatajua."

Nyuma yake walikuwa wamesimama majirani wote wa barabara yetu, na mmoja alishaanza kumtakia safari njema.

"Unaniachia friji," nilimwambia. "Na magoitre yote ya Lubero, unamwachia nani?"

"Weye," alijibu, na akatoa lile tabasamu lake.

Niseme kidogo kuhusu goitre, maana bila hiyo hakuna habari. Ni uvimbe wa shingo, upande wa mbele, na huku kwetu milimani wanawake wengi wanao. Unaanza mdogo, mtu anaufunika na kitambaa, miaka inapita, na mwishowe unambana pumzi. Kuutoa si ajabu. Shida ni kwamba nyuma ya uvimbe, kila upande, kunapita neva nyembamba kama uzi wa kushonea, na neva hiyo ndiyo inayoendesha sauti. Ukiiona, unaiacha mahali pake. Usipoiona, unaweza kuikata bila kujua, na mgonjwa anaamka sauti imekwenda. Hospitalini kwetu mtu wa kufanya kazi hiyo alikuwa mmoja tu, naye ni mwenzangu. Mimi nilikuwa nasimama ng'ambo ya meza, navuta ngozi, nafuta damu, na kumshukuru Mungu kwamba kisu hakiko kwangu.

Miezi yake ya mwisho alibadilisha mahali. Bila kuniuliza alianza kusimama upande wangu, akaniachia upande wake. Alinifundisha kama mtu anayemfundisha mwenzake kuendesha lori: ananyamaza muda wote, halafu ghafla anasema, "Frein," yaani breki. Na mimi nasimamisha mkono. Nilijifunza. Neva niliiona, mara nyingi, na sikuigusa. Lakini kila mara mkono wake ulikuwa karibu na wangu, tayari, na nilijua kwamba nikikosea ataukamata. Itakuwaje siku asipokuwepo, swali hilo nilikula nalo na kulala nalo.

Wiki ya mwisho akaja mama wa kwaya. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu alikuwa anaongea na watu wote wa kwenye korido kwa wakati mmoja. Ni mama mzima wa Bulengera, muuza mawese sokoni, na ndiye anayeongoza kwaya ya parokia yake. Upande ule mtu akifunga ndoa bila yeye kuimba, watu wanauliza kama kweli ameoa. Goitre yake ilikuwa imefikia ukubwa wa ngumi mbili. Miaka yote mwenzangu alikuwa akimwambia aje apasuliwe, na miaka yote alimjibu kwamba shingo ni yake na Mungu wake. Aliogopea sauti, si kingine. Sasa pumzi ilikuwa imeanza kumbana akipanda kilima cha kwenda kanisani, mstari mmoja wa wimbo hawezi kuumaliza bila kupumzika katikati, na juu ya hayo alikuwa amesikia habari za sokoni.

"Nasikia friji imeenda," alimwambia mwenzangu kabla hata ya salamu.

"Imeenda, mama."

"Bon. Basi unipasue mbele ya kwenda. Lakini ukuwe mu salle weye mwenyewe. Uape."

"Nitakuwa mu salle, mama. Naapa."

Aliapa kuwemo salle, chumba chetu cha upasuaji, bila kunitazama, na papo hapo nikajua ana mpango. Tulipofunga mlango aliutoa. Alhamisi kisu kitakuwa changu, yeye atasimama ng'ambo avute ngozi na kufuta damu. Jumamosi anaondoka.

"Ukifanya huyu, utafanya bote," alisema.

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba mama yule anafikiri atapasuliwa na yeye, na kwamba mimi simpasui mtu kwa kujificha nyuma ya maski. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukimwambia, atakimbia."

"Akimbie. Sauti iko ya kwake."

"Donc umwambie weye," alisema, akatabasamu, na nilitamani kumpiga na kitabu.

Alhamisi asubuhi niliingia wodi ya wanawake. Ni chumba kirefu chenye vitanda vilivyobanana, na kati ya vitanda wamekaa ndugu wanaowaangalia wagonjwa, na kati ya hao ndugu kuna masufuria. Mama wa kwaya alikuwa ameketi kitandani katika ile nguo ya kijani ya upasuaji, kitambaa kichwani, rozari mkononi. Nilikaa pembeni yake na kumwambia yote kwa sauti ndogo: kwamba mwenzangu atakuwepo kama alivyoapa, lakini mkono wa kisu ni wangu, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, kwamba mama mwenyewe anaweza kukataa na hakuna atakayemkasirikia. Wodi nzima ilinyamaza ili isikie vizuri, maana mle ndani sauti ndogo haifichi kitu.

Aliizungushia rozari kwenye kiganja.

"Mama docteur," alisema. "Imba."

Nilimuuliza niimbe nini, na kwa sababu gani.

"Wimbo wa matoleo. Ule wa kila siku ya Mungu, unauyua."

"Mama, mi niko docteur. Siko mu kwaya."

"Minayua. Mais batu bote benye banaingiaka mu kwaya yangu, minabaimbisha mbele. Mutu mwenye kuogopa, sauti inatetemeka hata kama anaficha uso. Sasa weye unataka kuingia mu shingo yangu. Imba."

Basi niliimba. Niliimba mbele ya wagonjwa, ndugu zao, muuguzi mwenye trei ya sindano na mama mfagiaji aliyesimama ameegemea fagio. Mume wangu, mwalimu wa hesabu na mtu mpole sana, anasema nikiimba nikiosha vyombo paka anatoka nje. Ubeti ulipita salama. Mstari wa pili wa kiitikio ndio ulionishinda. Niliupandisha pale unaposhuka, nikasikia mwenyewe kwamba nimepotea njia, na kwa sababu aibu ilishanijaa nilikazana tu mbele, kwa nguvu zaidi, mpaka nikafika mwisho. Kicheko kilianzia kitanda cha dirishani na kuzunguka wodi yote. Dada mmoja mwenye mshono wa tumbo alilishika tumbo kwa mikono miwili, anaomba tumwonee huruma.

Mama wa kwaya hakucheka. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, nadhani ndivyo anavyofanya akichagua waimbaji wake.

"Hauyue kuimba," alisema. "Ile mustari ya pili umeiharibu kabisa. Lakini hautetemeke. Umekosa na umeendelea. Twende."

Alishuka kitandani mwenyewe, akakataa kiti cha magurudumu, akatangulia mbele yangu kuelekea salle na rozari yake ikining'inia. Nilimpenda pale pale. Sijawahi kupimwa vizuri vile, hata siku ya mtihani wa mwisho wa udaktari.

Upasuaji wenyewe sitausimulia sana, kwa heshima ya wanaosoma wakiwa wanakula. Mwenzangu alisimama ng'ambo, akafanya kazi niliyokuwa naifanya mimi miaka yote, na hakusema "Frein" hata mara moja. Kimya chake kilinisumbua kuliko neno lolote. Nilikuwa nimefika nyuma ya uvimbe, natafuta neva ya kushoto, taa ikazimika. Groupe, jenereta letu, lilikuwa limekohoa na kunyamaza.

Salle yetu ina desturi yake kwa saa kama hiyo. Hakuna anayesogea. Mwenye kisu anakiinua na kutulia, mwenzake anakandamiza kitambaa mahali pa damu, na muuguzi wa usingizi, baba mnene mwenye sauti nzito, anabana puto la hewa kwa mkono na kuanza kusimulia habari za mama mkwe wake. Anasimulia mpaka umeme urudi. Mimi yule mama mkwe namfahamu kuliko ninavyowafahamu shangazi zangu, ingawa sijawahi kumwona. Najua alivyomrudisha mbuzi mmoja wa mahari kwa sababu mbuzi huyo alimtazama vibaya. Najua alivyokwenda Kirumba kununua maharagwe akarudi na pikipiki.

Siku hiyo ilikuwa habari ya godoro. Mama mkwe alikuja kuwatembelea na godoro lake kichwani, kwa kuwa hakuliamini la mkwe wake, na usingizi ulipomkataa juu ya godoro lake mwenyewe akailaumu sakafu.

"Alisema sakafu yangu inakoroma," alisema muuguzi wa usingizi, anabana puto taratibu.

Nilicheka ndani ya maski, mwanga hafifu wa dirisha ukituangukia, mikono yangu imetulia hewani. Na katikati ya kucheka nikaona kitu. Mkono wa mwenzangu haukuwa karibu na wangu. Ulikuwa umekandamiza kitambaa chake, mbali, na macho yake yalikuwa kwa muuguzi wa usingizi, anangoja mwisho wa kisa kama mtu ambaye hana wasiwasi wowote. Groupe likaunguruma, taa ikawaka, nikainama tena. Neva ilikuwa pale mbele yangu, nyeupe, mahali pake. Nilimwonyesha, akaitikia kwa kichwa, na tukaendelea. Ya kulia niliipata upesi zaidi.

Mchana mama wa kwaya aliamka, nami nilikuwa nimekaa kando yake. Alifungua macho, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Mwenzangu alimshika mkono, akamweleza kwamba koo limechubuka kwa ajili ya mpira wa usingizi uliopita mle, ni jambo la siku moja mbili, anywe maji kidogo kidogo, apumzike. Mimi nikamkataza kuimba kwa majuma mawili. Nilimkataza kwa ukali, maana nilikuwa na hofu. Alinitazama tu kwa yale macho yake ya kuchagua waimbaji, na Ijumaa jioni alikuwa bado ananong'ona.

Habari za mpira wa usingizi nazijua. Maneno hayo hayo nimewaambia wagonjwa wengi, na yalikuwa kweli. Ijumaa hiyo sikuyaamini hata moja. Nyumbani nilikaa mezani mbele ya chakula, nikaiegemea ile meza, nikajiambia jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu: sauti hii isiporudi, nauza meza, na Jumapili kaka yangu akipiga simu namjibu kwamba ninakuja.

Kwetu msafiri haachwi mlangoni. Anasindikizwa. Wengine tunawafikisha kwenye kituo cha magari, wengine mpaka mwisho wa mji, lakini huyu tulikodi magari mawili kumfikisha Beni kwa mama yake, alale pale usiku mmoja kabla ya kuvukia Kasindi kwenda Uganda kupanda ndege. Tulijaa humo wauguzi, mama mfagiaji, muuguzi wa usingizi na tumbo lake, gunia la viazi vya Kipese, na kuku ambaye alikuwa anasindikiza asijue anakokwenda. Tuliondoka Jumamosi asubuhi, jua likiwa juu, tumefuatana na magari mengine kama inavyofanyika kwenye barabara ile. Nyuma walikuwa wanaimba. Kwenye kizuizi askari alichungulia dirishani, akauliza kuna nini, na alipoambiwa tunamsindikiza daktari akauliza kwa Kilingala kama amebaki mwingine.

"Docteur mosusu atikali?"

Watu wote wa gari walininyooshea kidole. Askari alinipigia saluti na kutufungulia njia.

Mwenzangu alikuwa amekaa karibu nami, begi lake magotini.

"Mbona hauimbe?" aliniuliza.

"Wodi yote ilishasikia kuimba kwangu. Inatosha." Halafu nikashindwa kujizuia. "Ile sauti isiporudi, nitauzisha meza."

"Meza gani? Ile ya muguu mufupi? Nani ataitaka?"

"Sicheke na weye."

"Neva uliiona na macho yako?"

"Niliiona."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Donc?"

"Donc sijue."

Alitazama migomba inayopita nje ya dirisha. Baadaye akasema, polepole, kwamba Canada ataanza kwa kuwaogesha wazee na kubadilisha shuka zao, mpaka waikubali diploma yake, na hajui kama ni mwaka au ni zaidi.

"Mikono yangu itasahau?" aliniuliza. Hilo ndilo swali pekee la hofu nililowahi kulisikia kwake.

"Haitasahau," nilimwambia. "Ilianzia chini ya lori, na haikusahau."

Alicheka, akanipiga bega, na kuanza kuimba na wale wa nyuma.

Beni kuna joto. Sisi wa Butembo tulishuka tukivua masweta, na mama yake mzazi akatupokea mmoja mmoja kwa kutukumbatia, hata kuku alipapaswa kichwa. Alikuwa amepika chakula cha kulisha jeshi: pilau, sombe, yaani kisamvu, na ndizi za makemba, samaki wa ziwani, sambusa za kumwagika. Wajomba wenye malori walikuwa wamejipanga kwenye mikeka ya uani, wanabishana ni njia gani nzuri ya kufika Entebbe, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba wenzake hawajui kuendesha. Yule mama alijaza sahani yangu, akaiangalia, akaongeza.

"Kula, mwanangu," alisema. "Unabakia na kazi ya batu babili."

Nilikula. Nilikuwa na furaha, kweli nilikuwa nayo, katikati ya watu wale na kelele zile, lakini ilikuwa imekaa upande mmoja tu wa moyo. Ndipo simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, umetumwa na muuguzi wa wodi ya wanawake. Niliutazama bila kuufungua. Sikutaka kuusikia mbele ya watu. Nilikuwa naiingiza simu mfukoni mwenzangu alipoinyang'anya, akapandisha sauti mpaka mwisho, akaiweka mkekani kati ya sahani, akabonyeza.

Kwanza zilisikika kelele za wodi na mfuniko wa sufuria ulioanguka. Kisha mtu akakohoa.

"Mama docteur." Ilikuwa ina kikwaruzo pembeni, lakini ilikuwa sauti. "Minayua ulinikataza. Mais ile mustari ya pili, tangu Alhamisi inanisumbua mu kichwa, siwezi lala. Haipandake. Inashukaka. Sikiliza."

Akaimba. Aliimba chinichini, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu mguu uliotoka kufunguliwa bandeji, na mstari wa pili ulishuka pale unapotakiwa kushuka, ukakaa. Hakupumzika katikati. Wodi ilimpokea kiitikio, akawaacha waendelee, na juu ya sauti zao alirudi kwenye simu.

"Umesikia? Na urudi mbiombio. Mudogo yangu ametoka Kirumba, eko hapa na shingo yake. Nilimwelezea mambo yako. Anasema na ye utamwimbia mbele."

Nililia. Nililia na kucheka kwa pamoja, mdomo umejaa pilau, na nilikuwa pia na hasira, kwa sababu majuma mawili ni majuma mawili na yule mama hakumaliza hata siku tatu. Muuguzi wa usingizi alipiga makofi peke yake. Wajomba waliuliza ni nani aliyeimba, na walipoelezwa wakataka urudiwe. Mwenzangu aliurudia. Alipoumaliza aliurudia tena, amekiinamia kile kisimu mkekani, na mama yake akamfuta macho kwa ncha ya mtandio wake kama anavyofutwa mtoto.

"Unitumie ile sauti," aliniambia. "Nitakuwa naisikiliza nikibadilisha mashuka."

Nilimtumia pale pale. Alihakikisha imefika, akaiweka simu yake mfukoni, akavuta sahani yangu na kuchukua sambusa yangu ya mwisho, jambo ambalo amelifanya tangu tukiwa wanafunzi.

"Bon," alisema. "Sasa itisha fundi wa mbao. Ule muguu wa meza umenichokesha macho miaka yote."

Jumapili tulimpungia mikono mpaka gari la Kasindi likapotea, tukarudi Butembo tumekauka koo kwa kuimba. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kumwimbia yule mdogo wa mama wa kwaya, nilimpitia seremala wa barabara yetu nikaja naye nyumbani. Aliinua meza kwa bega, akakitoa kile kipande cha boksi chini ya mguu, akaniuliza kama nakihitaji bado. Nilimwambia akitupe.